Kisulisuli na Mzee wa Benchi

Waliomfahamu wote walijua kwamba Kisulisuli hana makalio ya kukalia. Jina hilo alibandikwa na mama yake angali anatambaa, kwa sababu nguo zilizokunjwa hazikupona akipita karibu, nalo likamng'ang'ania mpaka akafika utu uzima na kuota mvi. Chai aliinywa amesimama. Simu aliipokea akitembea. Benki alihama kutoka dirisha hili kwenda lile, akifuata foleni fupi, mpaka akawa wa mwisho kuhudumiwa, kisha akatoka akiwalaumu waliotulia mahali pamoja.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelipwa mshahara kwa kukaa mbele ya runinga akicheza gemu.

Gazeti moja la mwisho wa wiki lilikuwa limempa ukurasa mzima, baada ya habari za mpira na kabla ya matangazo ya nyumba za kupanga. Ukurasa uliitwa "Cheza au Acha". Kila Jumamosi alieleza gemu tatu mpya: zinahusu nini, zinamfaa nani, zina ubaya gani. Mwisho wa kila moja aliweka hukumu ya neno moja kwa herufi kubwa, CHEZA au ACHA. Hakutoa nyota wala alama. "Mzazi aliyesimama dukani na mtoto anamvuta shati hana muda wa kuhesabu nyota," alisema. "Anataka kujua anunue au aondoke."

Wasomaji walimpenda kwa hilo, na walimwamini kwa sababu hakuwa mla rushwa. Wenye maduka walimtumia zawadi, zikarudi na dereva yule yule aliyezileta. Siku moja ilitoka gemu ya wanyama wanaocheka, imepakwa rangi za kuwavutia watoto, kumbe ndani yake ni kamari tupu. Kisulisuli aliiumbua mbele ya mji mzima. Mwenye kuiuza akampigia Mhariri simu akifoka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kisulisuli aliposikia, aliomba neno ACHA lichapwe kubwa zaidi wiki iliyofuata. Kwa hayo alikuwa mwadilifu, na haki yake asinyimwe.

Ila lilikuwapo jambo moja alilolifumbia macho, na alilifumbia miaka mingi. Alikuwa anaruka maongezi.

Gemu nyingi za siku hizi hubeba hadithi. Mchezaji hukimbia, hupanda kuta, hulima au hujenga, kisha mchezo husimama na watu wa kwenye skrini wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Asiyetaka kuwasikiliza hubonyeza kitufe, maneno yakakatika na mchezo ukaendelea. Pedi ya Kisulisuli, yaani kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, ilikuwa na vitufe vinne vya rangi. Vitatu vilikuwa bado vinang'aa. Cha nne, cha kurukia maongezi, kilikuwa kimefutika rangi na kubonyea katikati kama sarafu ya zamani.

"Gemu tatu kwa wiki!" alijitetea Mhariri alipomtania. "Nikikaa kumsikiliza kila shujaa akinisimulia habari za marehemu babu yake, huo ukurasa mtausoma mwakani."

Mhariri alicheka. Chumba kizima cha habari kikacheka. Hakuna aliyeona kwamba hapo pana uongo, kwa sababu ulikuwa uongo unaofanya kazi iishe mapema, na uongo wa aina hiyo watu huuita ujuzi. Lakini mtu anayeandika "nimeicheza mpaka mwisho" wakati nusu yake ameipita mbio anauza gunia ambalo ameuona mdomo wake tu. Anayenunua hana njia ya kujua.

Kisulisuli alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, na zaidi ya huyo hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Dada alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chembamba chenye taa moja kali, meza yenye makovu ya moto, na harufu ya nta na plasta. Daktari aling'oa, yeye akaunda. Alilipanga jino moja moja kwenye nta, akaligeuza kidogo, akalirudisha, akaangalia kwa jicho moja, akaligeuza tena. Ndugu hawa wawili walizaliwa na mama mmoja, lakini utulivu wote ulimwendea wa kwanza.

Mume wa Dada alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kulala hospitalini muda mrefu na ini lililomkauka. Tangu hapo Dada alikwenda kazini, akarudi, akakaa kwenye kochi bila kuwasha taa. Chumba cha nyuma cha kliniki kilianza kurudisha kazi: seti ya meno inayombana mzee mmoja, nyingine inayomfanya mama wa watu apige miluzi kila akitamka jina la mumewe. Daktari wa meno, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimwita Kisulisuli pembeni akamwambia, "Dada yako mikono ipo, yeye mwenyewe hayupo. Nimvumilie mpaka lini?"

Kisulisuli alikuwa akimtembelea, hilo hakuna wa kumlaumu. Alimtembelea karibu kila siku. Shida ni namna alivyotembelea.

"Kaa basi," Dada alimwambia.

"Nimekaa."

"Umeegemea mlango."

"Si ndiyo kukaa kwenyewe huko? Vipi, umekula? Umelala? Bomba la jikoni bado linavuja? Nitamtuma fundi. Haya, nimeondoka."

Huzuni ya dada yake ilimkereketa mwilini kama shati la sufi. Hakujua aishike wapi. Angeweza kumnunulia kitu, kumtafutia fundi, kumpeleka mahali. Kukaa tu naye kwenye kochi hilo, taa ikiwa imezimwa, hakuweza. Basi akafanya analolijua. Alimchagulia gemu.

Ilikuwa gemu ya mwanamke anayefuga nyuki mlimani. Unapanda maua, unatengeneza mizinga, unasikilizia mvua, unavuna asali kidogo kidogo. Haina adui wala saa inayokukimbiza. Ilikuwa bado haijafika madukani. Kisulisuli aliipata mapema kama ilivyo desturi ya kazi yake. Aliichomeka kwenye runinga ya Dada kwa mashine yake ya akiba na ile pedi yake yenye kitufe kilichofutika, huku akizunguka kochi akiongea.

"Nimekuletea dawa."

"Dawa gani tena wewe?"

"Gemu."

"Mimi? Mtu mzima, meno ya watu yananingoja, nikae nicheze gemu?"

"Nyuki, Dada. Na maua. Wewe ambaye jino moja unaligeuza asubuhi nzima, hii imetengenezwa kwa ajili yako."

Dada aliitazama pedi aliyowekewa mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Kisha akauliza swali moja, na aliliuliza taratibu ili lisikike.

"Kuna kufa humo ndani?"

"Kufa vipi?"

"Mtu kufa. Sitaki kuona mtu anakufa, hata awe wa kuchorwa. Hilo tu ndilo nakuuliza."

"Aa, Dada! Hata nyuki wenyewe hawafi. Wakichoka wanalala. Nakuapia."

"Usiniapie. Wewe umeicheza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, kwa sababu alikuwa ameimaliza kweli. Alivuna asali yote, akaona majina ya watengenezaji yakipanda kwenye skrini. Aliyapita maongezi tu.

Na dawa ikafanya kazi. Wiki ya kwanza Dada alimtumia ujumbe: "Hili ua la zambarau linapandwa kivulini au juani?" Wiki ya pili: "Nimepata asali! Asali yangu mwenyewe!" Kisulisuli aliusoma ujumbe huo akiwa anavuka barabara, akasimama katikati, akapigiwa honi na kutukanwa, akacheka. Taa ya sebuleni ikaanza kuwashwa. Daktari wa meno akamwambia kwamba juzi amemsikia Dada anaimba kule nyuma, wimbo mmoja mbaya wa tangazo la sabuni, na kwamba seti za meno zimeacha kurudi. Kisulisuli alijiona tabibu. Alitembea mji mzima akiwa na kifua mbele.

Gemu ilipofika madukani, aliandika habari zake. Aliisifu kwa moyo wote, na ili asionekane amehongwa akatafuta kasoro, akaipata.

"Dosari ni moja, tena ndogo," aliandika. "Kuna mzee, mume wa mfuga nyuki, ambaye kila jioni anakuja kukaa kwenye benchi nje ya nyumba. Hasaidii kazi, habebi hata ndoo. Kisha kuelekea mwisho anatoweka, benchi linabaki tupu, na hakuna anayemuulizia. Nadhani watengenezaji walimsahau. Hasara si kubwa. CHEZA."

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatatu, mhudumu wa mapokezi alimwita chini. Juu ya kaunta palikuwa na furushi la shuka lililofungwa mafundo mawili. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu, nyaya zake zimeviringwa vizuri moja moja, na pedi juu yake.

"Kaleta nani?"

"Mama mmoja mwembamba. Nikamwambia akusubiri, akasema wewe husubiriki."

"Hakuacha neno?"

"Ndilo hilo."

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Akaenda nyumbani kwake jioni. Taa haikuwashwa, na alipogonga alisikia kochi likilia kidogo, lakini mlango haukufunguliwa. Akagonga tena. Akazunguka dirishani. Akarudi mlangoni. Jirani akatoa kichwa na kumuuliza kama amekuja kusoma mita.

Siku tatu Kisulisuli hakutulia hata kidogo, na kwa mtu kama yeye hilo si jambo dogo. Alianza sentensi nane akazifuta zote. Alishuka ngazi kwenda kununua kalamu akarudi na betri. Alijiuliza amekosa nini. Je, mashine imeharibika? Dada amechoka? Kuna mtu kamwambia gemu ni utoto? Kila sababu aliyoibuni ilimfaa, kwa kuwa katika zote mkosaji alikuwa mtu mwingine.

Siku ya nne alikwenda kunyoa. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa, upande wa kushoto mweupe kama yai na wa kulia bado kichaka, aliposema dereva wa lori la maji aliyekuwa akingoja zamu yake, gazeti mkononi:

"Samahani. Wewe si ndiye Kisulisuli wa Cheza au Acha?"

"Ndiye huyo," alijibu kinyozi. "Muone anavyotikisa mguu. Kila mwezi namkata sikio."

"Basi, kaka, nina ugomvi na wewe. Yule mzee wa nyuki. Ati walimsahau?"

"Walimsahau," alisema Kisulisuli. "Hutokea. Mtengenezaji anachoka, anamwacha mtu njiani."

Dereva aliangua kicheko, kisha akaona kwamba mwenzake hatanii, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Kaka, yule mzee alikufa."

"Alikufa wapi?"

"Pale pale benchini! Si kila jioni anakaa na mkewe wanaongea? Anaanza kukohoa, unadhani ni moshi wa nyuki. Halafu anakuwa haongei sana. Halafu mkewe ndiye anambeba kumleta benchini. Mimi nilipofika pale nilizima mashine nikaenda kuosha lori. Lori lenyewe halikuwa na hata vumbi." Akamtazama vizuri. "Wewe uliicheza gemu gani?"

Kinyozi alizima mashine yake. Kwenye kioo Kisulisuli alijiona na kichwa nusu nusu na shuka ya kinyozi shingoni. Swali la dada yake likamrudia, neno kwa neno, na jibu lake mwenyewe nyuma yake. Hata nyuki wenyewe hawafi.

Akanyanyuka.

"Unakwenda wapi? Kichwa!"

"Nipe kofia."

"Kofia yangu?"

"Nipe, nitarudisha!"

Kliniki ilikuwa mitaa michache kutoka hapo, naye alifika anahema. Alipita wagonjwa waliojishika mashavu, akafungua mlango wa chumba cha nyuma bila kubisha. Dada alikuwa chini ya taa yake kali, kisu kidogo cha nta mkononi, mbele yake taya la plasta lenye meno manne. Hakuinua kichwa.

"Funga mlango, vumbi linaingia."

Akafunga. "Dada, nilikuwa sijui."

"Najua hukujua. Nimesoma gazetini." Alilisogeza jino kidogo kwa ncha ya kisu. "Habebi hata ndoo."

"Wallahi sikujua kama mzee anakufa."

"Niliona kikohozi, nikasema siyo. Mdogo wangu kasema hakuna. Nikaona mkewe anambeba, nikasema hapana, huyu mdogo wangu kaicheza mpaka mwisho, ameniapia, labda atapona. Nikajipa moyo. Unasikia? Nilijipa moyo tena, upya kabisa, kama ule niliokuwa nao hospitali." Kisu kilisimama. "Nikazima kabla ya jioni ya mwisho. Jumamosi nikafungua gazeti nione mdogo wangu anasemaje kuhusu yule mzee."

Kisulisuli alianza kutembea. Chumba kilikuwa na nafasi ya hatua mbili, akazipiga, akageuka, akazipiga tena.

"Simama!"

Akasimama.

"Uliruka," Dada alisema. "Kuna kitufe cha kuruka, nimekiona. Mimi sikukigusa, wewe umekimaliza rangi. Na hili si la gemu peke yake. Shemeji yako alipolazwa ulikuja kila siku, nami nakushukuru. Ulileta matunda, ulileta feni, ulimgombeza nesi. Ulisimama pale mlangoni, 'Vipi shemeji, unaendeleaje, haya nimeondoka.' Yeye anakwambia, 'Kaa kidogo, shemeji.' Kila siku. Ulikaa lini?"

"Daktari alisema asichoshwe."

"Usinitafutie daktari. Alikuwa na neno na wewe."

"Neno gani?"

Kwa mara ya kwanza Dada aliinua uso akamtazama, na macho yake yakapanda juu.

"Hiyo kofia ya nani?"

"Ya kinyozi."

"Vua."

Akavua. Dada aliutazama upande mweupe, kisha akautazama upande wa kichaka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikapita pale kilipopaswa kuishia, kikageuka kuwa kitu kingine, akaegemeza paji la uso kwenye mkono wenye nta. Mkono wa Kisulisuli ulikuwa tayari umeshafika kwenye kitasa cha mlango. Aliuona uko pale, akautoa.

"Neno gani, Dada?"

"Sikwambii hapa. Mimi ile gemu siwezi kuimaliza peke yangu, na siwezi kuiacha. Namwona yule mzee pale pale amebebwa, hashuki. Njoo nayo Jumapili jioni. Kaa nami tuone. Na ukikigusa hicho kitufe, usinijue tena."

Alirudi kwa kinyozi, akamaliziwa kichwa, akarudi gazetini. Kwenye meza yake zilimngoja gemu tatu za wiki hiyo. Mbili alikuwa ameshazipita kwa mwendo wake wa kawaida, na hukumu zake zilikuwa tayari zimeandikwa. Alimwendea Mhariri.

"Zitoe hizi mbili."

"Kwa nini? Umezicheza."

"Nimezikimbia. Na ya nyuki uweke masahihisho. Sema mwandishi hakusikiliza maongezi, mzee hakusahauliwa, alikufa, na mwenye msiba nyumbani aambiwe kabla hajanunua."

Mhariri alivua miwani. "Yaani tuchape kwamba mtu wetu hafanyi kazi yake?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na kuanzia sasa utaleta gemu ngapi kwa wiki?"

"Moja. Ikiwa ndefu, hata hiyo isitoke."

"Huko kwingine nitie tangazo la magodoro?"

"Tia. Angalau mwenye godoro amelilalia."

Mhariri alimwambia kwamba ukurasa uliopungua ni mwanzo wa ukurasa uliokufa, na kwamba asije kumlilia. Halikuwa tishio tupu. Kisulisuli alikuwa ameshaona kurasa za wenzake zikienda hivyo hivyo. Aliogopa. Aliomba masahihisho yachapwe juu ya ukurasa, siyo chini.

Jumapili jioni alifika na furushi lake la shuka. Dada alikuwa ameketi upande mmoja wa kochi, ameacha upande wa pili, ule ambao shemeji alikuwa akiukalia, na Kisulisuli akaelewa kwamba hapo ndipo pake. Aliketi. Goti lilianza kumcheza papo hapo.

Mchezo ulikuwa umehifadhiwa pale pale Dada alipouzima: jua la kuchorwa linashuka, mwanamke amembeba mzee mlangoni. Dada alimpa pedi. "Endelea."

Mwanamke akamweka mzee kwenye benchi, akamfunika miguu. Maongezi yakaanza. Kidole gumba cha Kisulisuli kilikwenda chenyewe kwenye kile kitufe kilichobonyea, kikatua juu yake kwa mazoea ya miaka yote. Alikiona kidole kama mtu anayemwona mwizi anayemfahamu. Akakiondoa, akaweka pedi kwenye mkeka, akakalia mikono yote miwili.

Mzee aliongea polepole. Aliuliza kama mzinga wa karibu na ukuta umezibwa ufa. Akasema maua ya zambarau yamekubali mwaka huu. Alisimulia habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu kuhusu punda aliyeogopa nyuki. Kisulisuli alihisi kama anawashwa na siafu mwili mzima. Alitaka kusimama, kunywa maji, kukaza bomba la jikoni ambalo bado lilikuwa linadondoka. Alikaa. Mke wa mzee alicheka kwa habari ya punda. Mzee akasema amechoka kidogo. Akaegemea. Hakusema tena.

Hakuna muziki uliolia. Sauti za nyuki zilipungua, upepo ukabaki. Kwenye skrini mwanamke aliendelea kukaa, na mchezo ukakaa naye, kwa kuwa ulitengenezwa hivyo: siku hiyo haiishi mpaka mchezaji mwenyewe abonyeze.

Dada alikuwa analia bila sauti. Kisulisuli naye uso ulikuwa umelowa, na mikono ilikuwa bado chini yake, kwa hiyo hakuweza kuupangusa.

"Alitaka kukuuliza kitu," Dada alisema baadaye, macho yake kwenye skrini. "Alikuwa anausoma ule ukurasa wako. Haelewi hata nusu, anausoma tu kwa kuwa ni wako. Alitaka umwambie gemu ipi inamfaa mtu aliyelala kitandani. Mimi nikamwambia, nitamuuliza mwenyewe. Akasema, 'Hapana, nataka anichagulie yeye. Ngoja siku akikaa.'"

Kisulisuli alifungua mdomo. Yalimjia majina ya gemu matano, sita, zote nzuri, zote za kuchezwa kwa mkono mmoja, na kila moja alijua ingemfaa vipi. Akaufunga mdomo.

Goti lilikuwa limeacha kucheza. Nje, jirani alikuwa anamwita mtu aingize nguo. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Bonyeza basi," Dada alisema, "iishe siku."

"Ngoja kidogo."

"Unangoja nini?"

"Nimekaa," alisema.

Dada alimgeukia, akamtazama kuanzia kichwa kilichonyolewa mpaka miguuni, kama anavyolitazama jino kabla nta haijapoa. Kisha naye akarudisha mgongo kwenye kochi. Pedi ikabaki kwenye mkeka, na mwanamke wa kwenye skrini akabaki kwenye benchi lake.